Anayetoa taarifa za mtoto alindwe

Ndugu Mhariri,

Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinamtaka mtu yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Huku Kigombe mlango wa kwanza wa mamlaka hiyo ni ofisi ya kijiji, na ugumu unaanzia hapo. Mwalimu anamwona mtoto kavaa mikono mirefu kwenye joto la Februari. Akimpandisha mikono ya shati, alama za waya hizo. Aende kwa nani? Atakayempokea huenda ni mjomba wa mtuhumiwa. Magharibi haijaingia, kijiji kizima kinajua nani kasema, na wazee wameshakaa kuyamaliza kifamilia. Mtoto analala nyumba ileile!

Naomba majina ya walimu na wauguzi wanaotoa taarifa yawe siri kabisa. Namba 116, simu ya bure ya watoto, ibandikwe shuleni, zahanati na dikoni. Na afisa ustawi wa jamii atufuate huku kijijini. Nauli ya kumfuata Muheza si kila bibi anayo.

Msomaji wako,
Kigombe, Tanga