Dawa za Mzee Ziwe Katika Kikapu Kimoja

Mtu akiisha kuwa mzee, maradhi humjia kwa kufuatana: leo shinikizo la damu, kesho ugonjwa wa sukari, na magoti nayo hayaachi kuuma. Kila ugonjwa huja na vidonge vyake. Hospitali humpa hivi, duka la dawa humwuzia vile, na jirani mwema humgawia vilivyombakia. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa maana hakuna mmoja wao ajuaye alichotoa mwenziwe.

Tena mwili wa mzee si kama wa kijana. Figo zake, ambazo hutoa dawa nyingi mwilini kwa njia ya mkojo, hupungua nguvu. Basi dawa hukawia damuni, na kipimo kilichomfaa zamani chaweza kumdhuru sasa. Mwaka 1991 Daktari Mark Beers wa Marekani na wenzake walitoa orodha ya dawa zipasazo kuepukwa kwa wazee. Orodha hiyo imesahihishwa mara nyingi, hata mwaka 2023.

Miongoni mwake imo glibenklamidi, dawa ya ugonjwa wa sukari. Mzee akiimeza kisha asile, sukari yaweza kushuka mno damuni: hutoka jasho, hutetemeka, na maneno yake huchanganyika. Watu wa nyumbani husema, "Ni uzee tu," wakamwacha alale. Naye huenda asiamke. Akiwa aweza kumeza, na apewe maji ya sukari mara moja, kisha apelekwe kwa daktari. Akiwa amezimia, asitiwe kitu kinywani, bali akimbizwe hospitali. Vivyo hivyo diklofenaki na ibuprofeni, zinunuliwazo kwa ajili ya magoti, zaweza kupandisha shinikizo la damu, kuumiza figo na kutokeza damu tumboni.

Yafaa basi kila nyumba yenye mzee iwe na kikapu kimoja cha dawa zake zote, hata zile za mitishamba, nacho kipelekwe kizima kila aendapo hospitali. Daktari aulizwe: Hii ni ya nini? Yamezwa kabla ya chakula au baadaye? Ipi yaweza kuachwa? Mtu mmoja nyumbani akabidhiwe kazi ya kumpa dawa, na kuandika kila kipimo katika daftari. Lakini asiikatize dawa yo yote kwa shauri lake mwenyewe, kwa kuwa kuacha ghafula nako kwaweza kuua.

Mzee aliyewalea wengi hakosi mmoja wa kumhesabia vidonge.