Msafiri wa Nauli Ndogo

Msafiri wa nauli ndogo naye huona njaa, naye huchoka. Reli ya India imelitambua jambo hili kwa njia mbili. Tangu mwaka 2006, kitanda kibakiacho wazi katika daraja la juu hupewa abiria wa chini yake aliyelipa nauli kamili, bila nyongeza. Nafasi aiachayo humwendea aliyekuwa akingoja. Huo ni utaratibu mwema. Lakini haumfikii abiria asiyewekewa nafasi, ambaye husongamana na wenzake katika mabehewa ya miisho ya treni, na akishuka kutafuta chakula huenda akakikosa kiti chake.

Kwa hiyo twausifu zaidi mpango ulioanza mwaka 2023: meza za chakula ziliwekwa vituoni, mkabala na mabehewa hayo hayo, na puri kwa viazi zikauzwa kwa rupia 20. Kenya iliyofungua reli mpya mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2024, zina la kujifunza hapa. Wapangao bei za chakula cha safarini hawana budi kuanza na abiria wa daraja la chini, kwani hao ndio wengi.