Moto wa benki ya maziwa

Tangu 2019, Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, ina benki ya maziwa ya mama, ya kwanza nchini Kenya. Kwa kawaida maziwa ya benki hizi hupashwa joto la nyuzi 62.5 za Selsiasi kwa dakika 30.

Hapo VVU hufa. Lakini laktoferini, protini inayowanyima bakteria madini ya chuma, hupungua sana; kingamwili aina ya IgA hubaki kwa sehemu kubwa, na sukari zinazolisha bakteria wema wa utumbo huvumilia moto bila shida.

Hasara hiyo si sababu ya kuyakataa. Kwa mtoto njiti aliyekosa maziwa ya mamake, bado yanayapita ya kopo. Ila mama mwenye afya anayemkamulia mwanawe, ya nini kuyachemsha? Kikombe kikikalishwa kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, yatosha.