Hicho Kichaka si Uchafu

Kuna neno natamani tulifute huku Mukurweini: "kusafisha". Mtu akifyeka kichaka chote cha bondeni anasema amesafisha shamba. Ametoa uchafu gani? Amebomoa makao ya ndege ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote duniani.

Ndege huyo ni zogoyogo wa Hinde. Ni wa kahawia mwenye mabaka meupe, macho mekundu, na kelele huwezi kukosa kuisikia. Wanaishi kifamilia, wachache kwa kundi, ndani ya vichaka vilivyo kati ya kahawa na mto. Yuko hatarini kutoweka, na mabonde haya ni kati ya sehemu chache alizobaki nazo. Jina lenyewe ni la afisa wa kikoloni, Sidney Langford Hinde, na ndege alipewa mwaka 1900. Halafu ati kuangalia ndege ni mambo ya wazungu. Wao walikuja, wakamwona, wakampa jina. Sisi tunampa panga.

Mimi hutembea mabonde haya, hasa mvua ya masika ikiisha na vipepeo wamejaa kwenye maua ya lantana. Sina darubini. Chuo niliacha, kwa hivyo hakuna mwalimu anayesubiri ripoti. Kila mara lazima mtu aniulize, "Umepoteza nini huko?" Bado sijapoteza. Lakini tukiendelea hivi, tutapoteza.

Najua utasema lantana ni gugu, limetoka Amerika ya Kati na Kusini. Ni kweli. Lakini vichaka vya asili tulishavimaliza tukipanda kahawa na chakula, ndege akajibanza kwenye hilo gugu. Ukiling'oa, panda miti na vichaka vya kienyeji kwanza. La sivyo umemfukuza mpangaji kwenye chumba chake cha mwisho.

Na simlaumu mkulima ambaye robo ekari ndiyo karo na ndiyo chakula. Nawalaumu nyinyi wa Nairobi. Mnalipa kiingilio Karura mkapige picha na miti, halafu mkija ushago Krismasi mnamlipa kijana afyeke hadi ukingoni mwa mto, ndio boma lionekane poa kwa wageni. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilikataza kulima ukingoni, umbali wa kati ya mita 6 na 30 kutegemea mto. Hiyo Karura mnayoringia, Wangari Maathai, binti wa Nyeri hii hii, alipigwa hadi akatoka damu mwaka 1999 akijaribu kupanda mti huko. Yeye alitetea msitu mzima. Wewe unaombwa mita 6 tu za kichaka, tena kwenye shamba la baba yako.

Kwa hivyo Krismasi hii, kabla hujampa kijana panga, shuka naye hadi mtoni umwonyeshe pa kuishia.