Betri Ikistaafu, Kiinua Mgongo ni cha Nani?



Katika Marekani wako watu wengi wanaoishi katika nyumba za magurudumu, yaani matrela ya kulala yanayokokotwa na gari. Mtu akiyaona katika picha hudhani wenyewe ni matajiri walio likizoni. Sivyo. Wamo wazee ambao pensheni yao haitoshi kulipa kodi ya nyumba, na wamo vibarua wa msimu. Kila mwaka, wakati wa kuvuna viazi vya kutengenezea sukari huko North Dakota na Minnesota, makampuni huajiri vibarua wa muda, na wengi wao hufika na nyumba zao nyuma ya gari. Kibarua wa miwa au wa chai ataelewa maisha hayo upesi: kazi ikiisha, unafungasha na kuondoka.

Nyumba hizo zinahitaji taa, pampu ya maji na friji ndogo. Kwa hiyo watu hufunga vioo vya jua juu ya paa. Lakini jua huzama, na umeme wa usiku lazima uwekwe akiba katika betri. Hapo ndipo mafundi wengi walipovumbua jambo ambalo linatuhusu na sisi: kuchukua betri ya gari la umeme lililochakaa au kupata ajali, kuivunja vipande, na kuifunga katika trela.

Tuchukue mfano wa Nissan Leaf, gari lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010. Betri yake ya kwanza ilikuwa na yuniti 24 za umeme, yuniti zile zile tunazolipia majumbani. Ndani yake mna vipande 48, kila kimoja chenye uzito usiofika kilo 4 na akiba ya nusu yuniti kikiwa kipya. Miaka inapopita betri huchoka. Ikibaki na nguvu ya asilimia 70 hivi, mwenye gari huanza kulalamika kwamba haifiki mbali. Lakini asilimia 70 ya yuniti 24 ni karibu yuniti 17, na trela dogo lenye friji na taa linaweza kutumia yuniti moja au mbili tu kwa siku.

Punda mzee asiyeweza tena kupanda mlima na gunia mbili bado anaweza kuteka maji. Injini ya Leaf ile ilidai hadi kilowati 80 kwa mara moja. Trela halidai hata 3. Fundi akitumia vipande 14 tu vilivyochoka kiasi hicho, hupata akiba ya karibu yuniti 5 kwa uzito wa kilo 53 hivi. Betri za kawaida za risasi za volti 12 na ampea-saa 100 zina uzito wa karibu kilo 30 kila moja, na ukitaka zidumu usitumie zaidi ya nusu ya akiba yake. Kupata umeme ule ule ungehitaji nane au tisa. Hesabu hiyo haihitaji shule kubwa.

Basi mimi nasema wazi: betri hizi zisitupwe. Kuna sababu kubwa kuliko bei. Betri nyingi za magari ya umeme zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima huchimbwa Kongo, katika nchi ya Kolwezi na Likasi ambako Kiswahili ndiyo lugha ya mgodini. Wako wanaoichimba kwa sululu na kwa mikono katika mashimo yanayoporomoka. Kuitupa betri kwa sababu gari limechoka, wakati yenyewe ina miaka mingine ya kazi, ni kudharau jasho la ndugu hao. Wengine hujibu kwamba ni afadhali ivunjwe mapema, madini yatolewe na kutengenezwa betri mpya. Madini hayapotei ndani ya betri inayofanya kazi. Itumike kwanza, kisha ivunjwe. Kazi mbili kwa madini yale yale ni bora kuliko moja.

Lakini kusema isitupwe si kusema ipokelewe ovyo. Betri nzima ya Leaf ina volti zaidi ya 350, tena za mkondo mnyoofu. Hizo huua. Nyaya zake hupakwa rangi ya chungwa kwa sababu hiyo. Anayeifungua lazima achomoe plagi ya usalama, asubiri, avae glavu za mpira zilizopimwa, na asifanye kazi peke yake. Kipande kikitobolewa au kikijazwa kupita kiasi, huweza kuwaka chenyewe na kutoa moshi wa sumu, na moto wake huhitaji maji mengi mno. Kwa hiyo ni lazima pawe na fyuzi, na kifaa cha kulinda kila seli isijae kupita kiasi wala kuisha kabisa.

Hata hali ya hewa ina sheria zake. Mwaka 2012 wenye magari ya Leaf katika joto la Arizona walilalamika kwamba betri zao zinachoka mapema. Baridi nayo ina hatari: seli za namna hii zikichajiwa chini ya sifuri huharibika ndani bila kuonekana. Tena vipande hivi havilingani na vyombo vya volti 12. Viwili vikiungwa kwa mfuatano vikijaa hupita volti 16. Ndiyo maana mafundi wenye akili hufunga saba kwa mfuatano, wakapata mfumo wa volti 48, kisha wakapunguza kwa kifaa maalumu.

Ulaya wamekwisha kuanza kuweka utaratibu. Sheria yao ya betri ya 2023 inadai kwamba kuanzia Februari 2027 betri ya gari la umeme iwe na hati yake ya utambulisho, na mwenye kuitumia mara ya pili aweze kujua afya yake. Marekani kuna kanuni ya kupima betri za namna hiyo, iliyotolewa 2018. Na kwetu? Leaf zilizotumika kutoka Japani zimekwisha ingia Kenya. Betri zake zitastaafu hapa hapa.

Tusisahau Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri za risasi kilifunguliwa karibu na makazi ya watu mwaka 2007, kikafungwa 2014, na risasi ikabaki katika damu ya wafanyakazi na watoto. Mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na kesi iliendelea hadi Mahakama ya Juu 2024. Fidia haitoi risasi mwilini. Chuma chakavu cha mtu mmoja kilikuwa faida. Kwa jirani yake kilikuwa ugonjwa.

Kwa hiyo, ndugu, mwajiri akija na betri za magari ili kuwasha taa za kambi au kiwanda, tusikatae kwa sababu ni za mitumba. Kamati ya tawi iulize maswali matatu kabla waya wa kwanza haujafungwa. Afya ya betri imepimwa na nani, na cheti kiko wapi? Fundi atakayeifungua amefunzwa, ana glavu, na analipwa kama fundi wa umeme au kama kibarua wa kubeba mizigo? Na siku itakapokufa kabisa, nani ataichukua na kwa gharama ya nani?

Majibu yaandikwe na kutiwa sahihi. Mdomo wa mwajiri si mkataba.