UCHAMBUZI: Drafti ya NFL ina funzo kwa raga ya Nakuru, ila si lile mashabiki wanalodhani

ILIKUWA saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa, Aprili 25, 2025, wakati kamishna wa ligi ya NFL, Roger Goodell, alipoanza kutangaza majina ya wachezaji wapya mjini Green Bay, jimbo la Wisconsin. Huko Marekani ilikuwa bado Alhamisi jioni. Katika kituo cha Kikopey, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, huo ni wakati wa malori ya masafa marefu, na anayekesha mbele ya runinga saa hizo kwa ajili ya mchezo wa Wamarekani lazima awe ameshikwa na mapenzi ya kweli.

Mashabiki wa aina hiyo wapo, na idadi yao inazidi kuongezeka miongoni mwa wapenzi wa raga katika Bonde la Ufa. Wengi wao walianza kuifuata ligi hiyo mnamo 2013, pale kijana wa Kenya, Daniel Adongo, aliposajiliwa na Indianapolis Colts. Tangu hapo kila Aprili huwa na mjadala wao: nani kaonewa, nani kapendelewa, na kwa nini vijana wenye vimo na mbio wanaocheza raga mjini Nakuru wasiitwe nao kwenye jukwaa lile.

Anayetaka kuuelewa mfumo huo hana haja ya kwenda mbali na Kikopey. Mteja anayeshuka garini pale haletewi sahani iliyokwisha kuandaliwa. Huenda buchani, akaitazama nyama ikiwa imening'inia, akaonyesha pande analolitaka, likapimwa na kulipiwa, kisha ndipo likapelekwa jikoni. Akishakosea kuchagua, mchomaji hana la kumsaidia. Drafti ni hivyo hivyo. Klabu hulipia kitu kibichi kabla ya kujua kitaivaje, tena baada ya kukipima kwa kila namna: urefu, uzito, upana wa kiganja, na kasi ya mbio za yadi 40 katika zoezi linalofanyika Indianapolis kila mwaka kabla ya uteuzi. Si ajabu kwamba wapo Wamarekani weusi ambao wameulinganisha upimaji huo na mnada wa watumwa, ulinganisho unaowachukiza wenye ligi lakini usiokosa mantiki kwa anayetazama picha zake.

Klabu ni 32 na raundi ni saba. Iliyoshika mkia msimu uliotangulia huchagua kwanza na bingwa huchagua mwisho, ingawa nafasi hizo huweza kubadilishwa baina ya klabu na klabu. Mpango huo ulianza 1936 kutokana na pendekezo la Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, ambaye timu yake ilikuwa hoi uwanjani na mfukoni pia. Mchezaji wa kwanza kabisa kuteuliwa, Jay Berwanger, hakucheza hata mechi moja ya ligi hiyo. Tangu mwanzo, basi, bahati na hasara zimekuwa zikiandamana.

Kilichowagawanya mashabiki zaidi mwaka 2025 ni suala la Shedeur Sanders. Kijana huyo, mrushaji mpira mkuu wa Chuo Kikuu cha Colorado, alikuwa amemaliza msimu wa 2024 akiwa na mitupo 37 iliyozaa mabao, na asilimia 74 ya mitupo yake ilimfikia mlengwa. Babake, Deion Sanders, aliteuliwa wa tano mwaka 1989 na akaishia kuwa miongoni mwa walinzi bora katika historia ya mchezo huo. Wachambuzi wengi walimweka Shedeur katika raundi ya kwanza. Raundi ya kwanza ikapita. Ya pili na ya tatu zikapita. Hata Rais Donald Trump akaingilia kati kwa kuzikemea klabu mtandaoni. Hatimaye Cleveland Browns walimchukua Jumamosi katika raundi ya tano, akiwa wa 144, ilhali klabu hiyo hiyo ilikuwa imeshamteua mrushaji mwingine, Dillon Gabriel, katika raundi ya tatu.

Dai la mashabiki wengi lilikuwa kwamba wenye klabu walikula njama kumshusha hadhi kijana aliyejiamini kupita walivyopenda. Dai hilo linavutia, lakini halisimami lilivyo. Klabu 32 ni washindani, na yeyote kati yao angeona amepata almasi kwa bei ya makaa angeinyakua kimya kimya. Lililo karibu zaidi na ukweli ni kwamba klabu nyingi zilihofia kelele. Mrushaji wa akiba anayefuatwa na kamera kila aendako ni mzigo kwa kocha, na kocha anayehofia kazi yake hukwepa mizigo. Hiyo si njama, ni woga, na woga ukienea kwa wengi hufanana sana na njama ukitazamwa kutoka mbali.

Gharama ya woga huo iliangukia kijana. Tangu makubaliano ya 2011 baina ya ligi na chama cha wachezaji, mshahara wa mgeni hufuata nafasi aliyoteuliwa. Cam Ward, aliyeteuliwa wa kwanza na Tennessee Titans, alipata mkataba wa miaka minne wenye thamani ya takriban dola milioni 48. Wa Sanders, wa muda huo huo, haukufika dola milioni tano. Hakuwa na ruhusa ya kukataa na kwenda kujadiliana na klabu nyingine, kwa kuwa aliyeteuliwa hana mlango mwingine katika ligi hiyo msimu huo. Hapa ndipo hasira za mashabiki zingestahili kuelekezwa. Wahasibu, madaktari na wapishi huchagua wanakoomba kazi. Mchezaji bora wa chuo kikuu huambiwa mji atakaoishi, mwajiri wake na kiasi cha malipo yake, kisha hutarajiwa kulia kwa furaha mbele ya kamera.

Ajabu ni kwamba Ward mwenyewe, aliyetangulia wote, alikuwa hatakiwi na mtu alipotoka shule ya upili huko Texas. Timu ya shule yake ilirusha mpira kwa nadra, na chuo kilichompa nafasi ni Incarnate Word cha San Antonio, chuo ambacho hata Wamarekani wengi hawakijui. Alipanda kutoka huko hadi Washington State, kisha Miami. Sanders naye alianza mechi yake ya kwanza Novemba 2025 dhidi ya Las Vegas Raiders, na Browns wakashinda. Mizani ya Aprili haikuwa imeona yote kwa yeyote kati yao.

Jambo la pili linalozungumzwa sana ni usawa. Shabiki wa raga kutoka Nakuru akiutazama utaratibu wa kumpa dhaifu nafasi ya kwanza, hukumbuka ya kwao. Nakuru RFC ilitwaa Kombe la Kenya mwaka 2013 na 2014, na taji hilo likakaa nje ya Nairobi kwa fahari kubwa. Kuanzia 2015 hadi 2024 bingwa amekuwa ama KCB, timu ya benki, au Kabras, timu ya kiwanda cha sukari. Klabu inayotegemea ada za wanachama na mapato ya mashindano kama Prinsloo Sevens haiwezi kushindana na mwajiri anayempa mchezaji mshahara na bima. Ndiyo maana wapo wanaosema kwamba raga ya Kenya ingeiga drafti, vijana wa vyuo vikuu wagawanywe kuanzia kwa timu ya mkiani.

Wazo hilo lina kasoro moja kubwa. Drafti haisimami peke yake. Nyuma yake kuna mgao wa fedha za runinga unaozipa klabu zote 32 mafungu sawa, na tangu 1994 kuna kikomo cha mishahara ambacho hakuna klabu inayoruhusiwa kukivuka. Bila ya mihimili hiyo miwili, kijana aliyegawiwa timu maskini angekaa msimu mmoja na kuhamia kwa tajiri. Na hata ikiwepo, uteuzi si dawa ya uzembe. Detroit Lions walipoteza mechi zote 16 mwaka 2008, Browns wakafanya vivyo hivyo 2017, na Browns hao, licha ya kuchagua mapema mwaka baada ya mwaka, hadi msimu wa 2024 unamalizika hawakuwa wamefika fainali ya Super Bowl hata mara moja. Ukimpa mchomaji mbaya nyama nzuri bado utakula makaa. Kinachohitajika Nakuru kwanza ni fedha za pamoja na kanuni ya matumizi. Namna ya kuwagawa vijana ingefuata baadaye.

Ndipo inapokuja hoja inayogusa nyumbani zaidi: je, kijana wa hapa anaweza kufika kule? Afrika Mashariki ina kisa cha kujifunzia, ingawa ni cha mpira wa vikapu. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2, aliteuliwa wa pili katika drafti ya NBA ya 2009 na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha alikuwa ameshushwa hadi ligi ya daraja la chini. Hadi leo hutajwa miongoni mwa makosa makubwa ya uteuzi, kana kwamba yeye ndiye aliyejichagua. Alikuwa amejifunza mchezo huo akiwa kijana mkubwa, na kimo chake kilinunuliwa kwa bei ya ujuzi ambao hakuwa amepewa muda wa kuupata.

Adongo hakupitia drafti. Alikuwa mchezaji wa raga aliyepita Afrika Kusini na kufika New Zealand, na Colts walimsajili Julai 2013 bila ya yeye kuwahi kucheza mechi hata moja ya mchezo huo. Desemba mwaka huo huo aliingia uwanjani na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Majeraha yakamrudisha nyuma, na kufikia mwisho wa 2015 klabu ilikuwa imeachana naye. Mfano wa upande wa pili ni Jordan Mailata wa Australia, mwana wa wazazi kutoka Samoa, naye pia mwanaraga asiyeujua mchezo huo. Philadelphia Eagles walimteua mwaka 2018 katika raundi ya saba, akiwa wa 233. Misimu miwili mizima hakucheza hata mechi moja ya ligi, alikuwa akifundishwa. Februari 2025 alikuwa nguzo ya safu iliyotwaa Super Bowl dhidi ya Kansas City Chiefs.

Tofauti ya Adongo na Mailata haikuwa ya nguvu wala mbio. Adongo aliingizwa mechini ndani ya miezi mitano, Mailata akasubiri zaidi ya miaka miwili chini ya kocha mmoja. Kwa hiyo mzazi wa Gilgil au Njoro atakayetembelewa na wakala mwenye saa ya kupimia mbio na futi ya kupimia kimo hapaswi kuuliza tu kuhusu mshahara. Mawakala wana ulimi mtamu kuliko hata wale vijana wa Kikopey wanaopunga mikono barabarani kuita magari, na tofauti ni kwamba wa Kikopey huonyesha bucha yenyewe. Swali la maana ni nani atamfundisha mtoto, kwa muda gani, na ikiwa goti litavunjika mwezi wa pili, nani atalipia matibabu na karo ya chuo alichokiacha.

Swali la kichwa nalo halikwepeki. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walitangaza kwamba kati ya bongo 111 za waliokuwa wachezaji wa NFL walizozichunguza, 110 zilikuwa na ugonjwa wa kudhoofika kutokana na mapigo ya mara kwa mara. Bongo hizo zilitolewa na familia, nyingi zikiwa tayari zimeona dalili, kwa hiyo haifai kusema kwamba kila mchezaji ataugua. Hata hivyo ni idadi ambayo mzazi ana haki ya kuisikia kabla ya kutia sahihi.

Mlango wenyewe haujafungwa. Ligi hiyo ilianzisha mpango wa wachezaji wa kimataifa mwaka 2017, ambao ndio uliompitisha Mailata, na mwaka 2023 ilileta kambi yake Nairobi kuwapima vijana wa Afrika. Mwaka 2024 Buffalo Bills walimteua Travis Clayton, mwanaraga wa Uingereza, naye katika raundi ya saba. Tom Brady aliyeshinda Super Bowl mara saba aliteuliwa wa 199, raundi ya sita.

Shabiki anayekesha hadi saa tisa usiku ili aone majina 32 ya kwanza anatazama matajiri watarajiwa ambao dunia nzima inawajua tayari. Wageni wasiojulikana, waliotoka kwenye raga au vyuo vidogo, husomwa siku ya tatu, raundi ya nne hadi ya saba. Mwaka 2025 siku hiyo ilianza adhuhuri ya Jumamosi kwa saa za mashariki ya Marekani, ambayo ni saa moja jioni nchini Kenya, wakati Kikopey imejaa magari na moshi, na runinga ya bucha iko kwenye soka ya Uingereza.