Simu ya Kompyuta Itumikie Kazi

Katika miaka iliyofuata kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, mkazi wa Njombe aliyetaka kuzungumza na ndugu yake wa mbali alikwenda posta, akatoa namba, akangoja. Leo mwalimu mwenye kompyuta nyumbani, kipaza sauti na intaneti huweza kusema na mwanawe aliyeko masomoni ng'ambo, tena wakaonana. Huo si uchawi. Programu huigeuza sauti kuwa tarakimu, huzigawa katika vipande vidogo na kuvituma. Kompyuta ya upande wa pili huviunganisha tena vikawa sauti.

Ni dhahiri kwamba chombo hiki hakikuletwa kwa salamu tu. Kutoka Makambako, penye stesheni ya reli ya TAZARA, hadi Njombe ni mwendo wa yapata kilometa 60. Mwalimu mkuu anayefunga safari hiyo ili atoe maelezo ya nusu saa hupoteza siku nzima ya kazi. Nauli hulipwa, shule hubaki bila kiongozi, na jambo lenyewe lingeweza kusemwa akiwa mezani pake. Mazungumzo yasiyohitaji sahihi wala ukaguzi wa macho hayana sababu ya kumtoa mtumishi kituoni.

Hata hivyo, yafaa watumishi waitambue mipaka ya chombo chenyewe. Skype, programu iliyoanza mwaka 2003 na kuzoeleka duniani kote, ilifungwa na Microsoft mwezi Mei 2025, na walioitegemea wakalazimika kuhamia kwingine. Mwezi Mei 2024 hitilafu ya nyaya za chini ya bahari iliathiri intaneti katika Tanzania na nchi jirani. Kwa hiyo daftari la namba za simu lisitupwe, na simu ya kawaida isidharauliwe. Siku ya dharura ndiyo itakayotegemewa.

Siri za kazi nazo zina heshima yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikutungwa kwa ajili ya makabati ya mafaili peke yake. Habari za mgonjwa, mwanafunzi au mtumishi hazifai kutajwa kwa sauti sebuleni, mbele ya wageni na watoto.

Liko jambo moja zaidi, nalo ni la haki. Mtumishi anayeitwa mkutanoni kwa kompyuta yake, kwa umeme wake na kwa data aliyoinunua kwa mshahara wake, amebebeshwa gharama ya ofisi. Nauli ya Makambako hadi Njombe ilikuwa na fungu lake. Gharama ya mazungumzo hayo nayo haina budi kuwa na fungu lake. Ofisi inayoitisha mkutano ndiyo iugharamie. Bila hivyo, kinachoitwa maendeleo kitakuwa ni kuhamisha mzigo kutoka bega moja kwenda jingine, na bega hilo ni la mwenye kipato kidogo.